Nimzuie au Nimwache? Vijana wa Delta na Kuitafuta Haki



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio wenye ukurasa huu: swali ambalo nimeulizwa mara nyingi zaidi tangu Juni ya mwaka 2024 halihusu udhu wala mirathi. Ni hili: mwanangu anataka kutoka na wenziwe kudai haki, nimzuie au nimwache? Anayeuliza ni mama, na sauti yake ina khofu. Khofu hiyo si ya bure. Mwezi ule vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, wakatoka barabarani kuupinga. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia hata ndani ya Bunge, na siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Lakini makumi ya vijana hawakurudi makwao siku zile, na wengine walichukuliwa majumbani na njiani na watu wasiojitambulisha. Mama wa Garsen au wa Kau aliyeyaona hayo kwenye simu ya jirani, akaingia ndani akafunga mlango, halaumiki.

Wako masheikh wenzangu wanaolijibu swali hili kwa neno moja. Husema ni fitna, wakamaliza. Mimi sikatai kwamba fitna ipo, na nitaitaja mbele. Lakini neno moja halimtoshi mama ambaye shamba lake la mpunga limeingia maji ya chumvi na hakuna aliyekuja kumwuliza. Naomba mniruhusu nianzie mbali, Makka, kisha nirudi kwenye mto.

Kabla ya utume, Makka ilikuwa mji wa biashara kama ulivyokuwa mji wa Kau enzi zake, ila Makka iliishi kwa ngamia na Kau iliishi kwa majahazi na mitumbwi. Alikuja mtu kutoka Zabid, nchi ya Yemen, na bidhaa zake. Akazinunua Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Makka, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo Makka, na mtu asiye na ukoo wakati ule alikuwa kama asiye na mdomo. Alipokwenda kuomba msaada kwa wakubwa, walimfukuza. Basi akapanda jabali la Abu Qubays, Maquraysh wakiwa wameketi kwenye vikao vyao pembeni mwa Al-Kaaba, akapaza sauti kuieleza dhulma aliyofanyiwa. Akainuka Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (S.A.W.), akawakusanya watu wa koo kadhaa katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Wakapikiwa chakula, wakala, wakaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake, awe mwenyeji au mgeni. Walipotoka hapo hawakwenda kulala. Walikwenda mpaka kwa Al-As bin Wail wakaichukua mali ya mgeni yule wakamrejeshea. Hicho ndicho kiapo kiitwacho Hilful-Fudhuul.

Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwepo kikaoni. Alikuwa barobaro wa miaka kama 20. Na baada ya utume, alipokuwa amekwisha kuyaacha mengi ya ujahili, hili hakuliacha: alisema kwamba hangelibadilisha na ngamia wekundu, na kwamba lau ataitwa kwa kiapo kama kile ndani ya Uislamu, ataitikia. Wanazuoni wa sira wamesimulia pia kwamba miaka mingi baadaye Sayyidna Husayn, mjukuu wake, alipozozana na gavana wa Madina juu ya mali, alitishia kusimama msikitini na kukiita kiapo kile kile. Vijana wakubwa wa Madina wakasema wako pamoja naye, na gavana akarudi nyuma akamtimizia haki yake.

Nimeirefusha hadithi hii kwa makusudi. Mara nyingi tunaisimulia kwenye maulidi kama sifa, tukapita. Hatuangalii jinsi jambo lenyewe lilivyofanywa. Hawakutoka kwa hasira wakavunja maduka ya Makka. Palikuwa na dhulma moja inayojulikana, aliyedhulumiwa alijulikana, na aliyedhulumu alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Wakubwa na vijana waliketi chini ya dari moja. Wakala pamoja kwanza. Kisha wakaenda wote, mchana, mpaka kwenye mlango wa mhusika.

Sasa tuje kwetu. Kwa wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu ambao hawajafika, Kau iko juu kidogo ya Kipini, kando ya mto Ozi. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuuunganisha mto Tana na Ozi, na tokea hapo sehemu kubwa ya maji ya Tana ikapata njia ya kutokea baharini Kipini. Mfereji uliochimbwa kwa mikono ukaugeuza mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Hivyo watu wa huku wanajua vyema kwamba maji hayaendi kwa kudra peke yake. Huenda pia kwa mikono ya watu. Na maji ndiyo yanayokusanya wote: mkulima hupanda mpunga na migomba penye unyevu, mvuvi hutega, na mfugaji huleta ng'ombe wake kiangazi kwa sababu kwingine kote nyasi zimekufa.

Kuna hadithi ya Mtume (S.A.W.), imo ndani ya Sunan Abi Dawud, ambayo maana yake ni kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mafaqihi wameichambua kwa marefu na mapana, wakatofautisha maji ya mto na maji yaliyokwisha kutiwa chomboni. Sitaingia huko. Ninachosema ni kwamba ukisimama Garsen darajani ukautazama mto, viwili kati ya vitatu hivyo viko mbele ya macho yako, na ugomvi wote wa delta ni juu ya hivyo viwili.

Mwaka 2008 ulikuja mradi mkubwa wa miwa. Mamlaka ya Ustawi wa Mito Tana na Athi, tuijuayo kwa jina la TARDA, pamoja na kampuni ya sukari ya Mumias, walikusudia kuchukua hekta kama 20,000 za delta. Mwaka ule ule zikasikika habari za kuipa nchi ya Qatar hekta 40,000 kwa kilimo. Baadaye ikaja kampuni ya Kanada, Bedford Biofuels, na mbegu ya mbono wa mafuta ya magari, ikataka mashamba ya ranchi. Kila aliyekuja aliiona delta kwenye ramani kuwa ardhi tupu. Ramani haioneshi njia ya ng'ombe ya kiangazi, wala haioneshi shamba ambalo mwaka huu limefunikwa na maji na mwaka ujao ndilo litakalolisha nyumba tatu.

Mwaka 2010 wakaazi wanne walikwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya watu wa delta, wakulima na wafugaji. Hawakutaka fidia ya fedha kwanza. Walitaka mambo mawili ambayo mtoto wa madrasa anaweza kuyafahamu: tuambiwe kinachopangwa juu ya ardhi yetu, na tuulizwe kabla hakijapangwa. Kesi ikakaa, kama kesi zikaavyo.

Na katika kukaa kwake ndipo likatokea lile ambalo kila mama wa delta aliye na umri wa miaka 25 na zaidi analikumbuka bila kutajiwa. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa. Waliouawa walizidi watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba ikawa Kilelengwani, jirani zetu hapa, watu 38, wakiwemo polisi. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Wapokomo walizika, Waorma walizika, na wengi wa waliozikwa pande zote mbili walikuwa wakielekea kibla kimoja. Waliobeba mapanga na mikuki aghalabu walikuwa vijana. Mama aliyemficha mwanawe uvunguni mwa kitanda na mama aliyemkabidhi mwanawe panga walikuwa wakinywa maji ya mto mmoja.

Basi tarehe 4 Februari 2013, chini ya miezi miwili tangu damu ya Kipao, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitoa hukumu ya kesi ile. Hakuwapa walalamishi kila walichokiomba. Lakini aliamuru vyombo vya serikali viandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, ya muda mfupi, wa kati na mrefu, na viiandae kwa kuwashirikisha wakaazi wenyewe. Mwaka 2015 Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Delta ya Tana ulizinduliwa, na ndani yake malisho, mashamba, vijiji na sehemu za wanyama pori zimetengewa nafasi zake baada ya watu wa vijiji kuulizwa. Miwa ile ya hekta 20,000 haikupandwa. Mbono nao haukudumu. Delta yenyewe iliingizwa mwaka ule wa 2012 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu, hekta 163,600.

Yatieni mambo haya mawili kwenye mizani moja, maana yalikwenda sambamba katika miaka ile ile na juu ya ardhi ile ile. Upande mmoja vijana walikusanywa usiku, wakaambiwa adui yao ni mfugaji au ni mkulima. Nyumba zikachomwa, na hakuna eka moja ya malisho wala ya mpunga iliyopatikana kwa moto ule. Upande wa pili watu wachache walikwenda na karatasi Nairobi na Malindi, wakangoja miaka mitatu, na kwa karatasi ile kila mkulima na kila mfugaji wa delta akapata neno katika ardhi yake. Mimi huwaambia vijana wangu wa darsa ya Alkhamisi: ng'ombe wa Mwoorma na mpunga wa Mpokomo vilishinda kesi moja.

Ndiyo maana sidhani kwamba swali la mama limeulizwa sawasawa. Yeye auliza kama kijana wake ajipange au asijipange. Kijana wa delta atapangwa tu. Hana ajira, ana simu, ana uchungu wa kuona baba yake akirudishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mtu kama huyo hakosi wa kumwita. Ikifika mwaka wa uchaguzi ataitwa na mwanasiasa, atapewa fulana na shilingi mia tano, akapige makelele kwenye mkutano wa mpinzani. Ukiwaka ugomvi wa mifugo ataitwa na wazee wa fitna, atapewa panga. Au wenziwe watamwita kwenye baraza ya msikiti, na kalamu na daftari. Swali la mama ni hilo: aitikie wito upi?

Jirani zetu wa Lamu wametuonesha wito wa tatu unavyofanya kazi. Serikali ilipokusudia kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa Hindi, watu wa Lamu waliungana chini ya muungano wa Save Lamu: wavuvi wazee, akina mama, na vijana wengi waliozunguka mitaani na visiwani wakieleza kwa Kiamu kile ambacho ripoti ilikieleza kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Wakakata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni ile ya kampuni ya Amu Power.

Na hoja iliyobeba uzito ilikuwa nini? Wengi hudhani ni moshi. Moshi ulitajwa, ndio, na hali ya hewa pia. Lakini hoja kubwa ilikuwa ya utaratibu: kwamba mikutano iliyofanywa na watu ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na kwamba ripoti ya athari za mazingira ilipokamilika, watu hawakurudiwa ipasavyo wakaisikia na kuijibu. Yaani kesi ya mabilioni ilisimama juu ya tarehe za mikutano, juu ya nani alialikwa na nani alisema nini. Nani aliyaandika hayo? Nani alizihifadhi zile barua? Kazi ya namna hii haina picha nzuri ya kuweka kwenye simu, wala haipigiwi makofi. Ni kazi ya kijana mwenye mwandiko mzuri na subira.

Kau na Ozi wana kadhia yao hivi leo. Mto unapopungua nguvu, bahari hupanda. Maji ya chumvi yameingia mashambani, yakaunguza mpunga, migomba na miembe, na mahali pengine mama hulazimika kwenda mbali kutafuta maji ya kunywa. Sababu ni zaidi ya moja, maana mto wenyewe hubadili njia huku chini. Lakini huko juu yapo mabwawa ya Seven Forks, tokea Kindaruma la mwaka 1968 hadi Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, na lipo pendekezo la bwawa jingine kubwa, High Grand Falls. Maji yatakayozuiwa huko ndiyo yanayotakiwa kuisukuma bahari huku. Vijana wa Ozi wamekuwa wakipanda mikoko, na Mola awalipe, kwani mkoko hulinda ukingo na samaki. Ila mkoko hauwezi kumjibu mhandisi. Anayeweza kumjibu ni kijana aliyeisoma ripoti yake.

Na sheria imempa nafasi, japo wengi hatuijui. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu ombi. Kwa hiyo vijana watano wa Kau wakiandika barua kuomba ripoti ya mradi fulani, wakaipeleka ofisini, wakagongewa muhuri wa kupokewa kwenye nakala yao, siku zimeanza kuhesabiwa. Zikipita bila jibu, wanashtaki kwa Tume ya Haki ya Utawala, na huko hawadaiwi wakili. Kadhalika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake rasmi katika bunge la kaunti, na la kwetu liko Hola. Nakala yenye muhuri iwekwe kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Nasema hivi kwa sababu mafuriko ya delta yamekwisha kula hati nyingi kuliko mchwa.

Likifika la kutoka barabarani, kifungu cha 37 kinatoa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla. Ni arifa, si kuomba ruhusa, na iandikwe na ipelekwe na watu wazima pamoja na vijana. Najua kwamba mwaka 2024 wako waliofuata sheria zote na bado wakapigwa risasi. Siwezi kumwambia mama kwamba karatasi huzuia risasi. Naweza kumwambia kwamba mkusanyiko wa mchana, wenye wazee safu ya mbele na akina mama ndani yake, ambao mkuu wa kituo cha polisi anawajua viongozi wake kwa majina, ni mgumu kugeuzwa kuwa fujo kuliko kundi lililoitwa usiku kwa ujumbe wa simu usiojulikana ulikotoka.

Niliahidi kuitaja fitna. Kwetu fitna haitoki mbali. Husafiri kwa sauti iliyorekodiwa kwenye WhatsApp: ng'ombe wameingia shamba la fulani, fulani kachomewa nyumba, jitayarisheni. Qur'ani katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Kijana anayejipanga kutafuta haki hana budi kuwa na mwenziwe wa kabila la pili ambaye anaweza kumpigia simu saa nane za usiku na kumwuliza: ni kweli? Kikundi cha vijana wa Kipokomo watupu, au wa Kiorma watupu, hata kikijiita cha haki, mimi nakiogopa. Suratun-Nisaa, aya ya 135, imetutaka tusimamie uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kikundi kisicho na mtu wa upande wa pili ndani yake kitaisoma aya hiyo kwa sauti nzuri na hakitaitekeleza.

Na sisi wazee wa misikiti tuna letu la kujibu. Nendeni msikiti wowote wa pwani mkawatazame vijana: ndio wanaokunja mikeka, ndio wanaobeba jeneza, ndio wanaokoka moto wa pilau ya maulidi. Kisha uliza ni yupi kati yao aliyewahi kuoneshwa daftari la hesabu za msikiti. Tunataka watuhumu serikali kwa kuficha hesabu, na za kwetu tumezifungia sandukuni na ufunguo uko kwa mzee mmoja. Kijana atakayejifunza kuuliza kwa adabu ndani ya msikiti, na akajibiwa, atajua kuuliza kwa adabu mbele ya ofisi ya chifu. Akikaripiwa msikitini atajifunza kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, na atabaki na njia moja tu ya kusema, ambayo ni kupiga makelele.

Kuhusu mabinti, nimeulizwa kama inafaa washiriki. Khawla bint Tha'laba alikwenda mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kulalamikia dhulma ya nyumbani kwake, akajadiliana naye, na Mwenyezi Mungu akateremsha Suratul-Mujadila, sura ambayo hata jina lake limechukuliwa kwa mwanamke aliyejadili. Sina la kuongeza juu ya hapo. Ila nasema la kidunia: katika vijiji vyetu, msichana aliyemaliza kidato cha nne ndiye aghalabu mwenye mwandiko unaosomeka na kumbukumbu isiyopotea. Mfanyeni katibu. Mikutano ifanywe baada ya Alasiri ili arudi nyumbani mapema, na mama yake akitaka kuja kuketi naye, apewe kiti.

Basi jibu langu kwa mama ni kwamba asimzuie, bali amhoji, kama anavyomhoji mchumba wa bintiye. Umekaa na nani? Nani amelipa nauli? Mnadai kitu gani hasa, na kwa nani? Nani wa upande wa pili yumo? Iko wapi nakala? Aliyelipiwa nauli na mwanasiasa arudishe nauli hiyo. Safari ya kutoka Kau hadi Hola ni ndefu, na hapo ndipo wengi hununuliwa, kwa kuwa hawana nauli. Akina mama wanaochanga kwa ajili ya harusi kila mwezi wanaweza kuchanga nauli ya vijana wawili mara moja kwa mwaka, na wakaandika nani kachanga nini.

Bado liko jambo moja dogo, nalo ni la akina mama wenyewe zaidi kuliko vijana. Mkutano wa kukusanya maoni ukiitishwa, aghalabu huzungushwa karatasi ya mahudhurio, na mbele ya sahihi huwekwa soda na posho. Mtu hutia sahihi kwa ajili ya posho, na baadaye karatasi ile ile hupelekwa kuwa ushahidi kwamba kijiji kiliridhia. Nenda mkutanoni, mama. Andika jina lako. Lakini kando ya jina, kwa mkono wako au wa binti yako, andika pia neno moja: naunga mkono, au napinga, au sikueleweshwa. Usiache nafasi tupu chini ya jina lako ambayo mtu mwingine anaweza kuijaza. Na kijana wako aipige picha karatasi ile kabla haijakunjwa.

Wabillahi tawfiq.